Mbao, chumvi na mkupuo wa mama

Kimya changu msikihesabu kiburi, UE zilinikaba koo, na wale wa Elimu mnaojua ratiba ya mwaka wa tatu hamhitaji maelezo. Zimeisha. Leo sitaki kuongelea mitihani, bumu wala foleni ya kafeteria. Nataka kuongelea mbao.

Ni hivi. Mama yangu kastaafu ualimu wa shule ya msingi, mkupuo wake umetoka (huo uliobaki baada ya kikokotoo kufanya yake), na kiwanja anacho Pangani, mwendo wa dakika kumi kwa mguu kutoka baharini. Anajenga. Na mkupuo hauji mara mbili, ukishamwaga kwenye msingi mbaya umeshamwaga. Kwa hiyo grupu letu la familia kwenye WhatsApp limegeuka bunge, na tangu mwezi uliopita hoja mezani ni moja tu: nyumba iwe na mbao kiasi gani, na ziwe wapi.

Kaka anataka kontempo. Mnazijua hizo nyumba, zimejaa kila kona ya Dar siku hizi: paa limefichwa nyuma ya ukuta mpaka nyumba inaonekana kama boksi, ndani jipsamu, madirisha ya alumini yenye vioo vikubwa, rangi nyeupe na kijivu. Mbao kwake ni mambo ya nyumba ya babu. Fundi anamuunga mkono kwa sababu nyingine. Anasema pwani mbao hazidumu, eti chumvi inazila. Mama yeye anataka kitu kinachofanana na nyumba aliyokulia, yenye dari la boriti, lakini hataki watu wa kanisani waseme mwalimu kastaafu akajenga banda.

Mimi nikasimama upande wa mbao. Nikajikuta nasimama mwenyewe, maana hata mama hoja yake niliipinga kwa sehemu. Nitaeleza.

Tuanze na hili la chumvi, kwa sababu ndilo lililokuwa linatisha watu. Nilimwuliza fundi kwa heshima zote: hivi majahazi na mashua za hapo mtoni zimejengwa kwa nini? Si kwa mbao? Na zinakaa ndani ya maji ya chumvi mwaka mzima. Mashua ikitunzwa, ikapigwa kalafati na kupakwa mafuta kwa wakati, inazeeka na mwenyewe. Milango ya Mji Mkongwe wa Unguja ambayo watalii wanaipiga picha kila siku, mingi ni ya karne ya 19. Imepigwa na upepo wa bahari miaka zaidi ya mia na bado inafunga na kufunguka. Sasa chumvi hiyo inayokula mbao ilikuwa wapi muda wote huo?

Ukweli ni kwamba chumvi kwa mbao si adui mkubwa. Adui wa mbao ni maji yaliyokosa pa kutokea. Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu ni kiumbe hai, kinataka kunywa. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 hivi ya uzito wake mkavu, kuvu hilo halifanyi kitu. Kwa hiyo mbao iliyonyeshewa asubuhi ikakauka mchana haina neno. Mbao iliyobanwa kati ya saruji na bati, maji yakaingia kwa tundu dogo yakakaa humo, hiyo ndiyo inaoza, hata ungekuwa Dodoma. Mzee mmoja fundi wa mashua, jirani yetu kule nyumbani, nilimpigia shikamoo nikamwuliza siri. Akacheka, akasema mbao haiogopi kuoga, inaogopa kulala na nguo mbichi.

Sasa geuza upande wa pili. Chumvi inakula nini hasa? Inakula chuma. Ndani ya zege kuna nondo, na zege linailinda nondo mpaka pale chumvi ya hewani au ya mchanga itakapopenya na kuifikia. Nondo ikishika kutu inavimba, ikivimba inapasua zege kutoka ndani. Mmeshaona zile nyumba za karibu na bahari, zege la chini ya kibaraza limebanduka na nondo nyekundu zinachungulia? Ndiyo hiyo. Na ukichanganya zege kwa mchanga wa ufukweni kwa sababu ni wa karibu na wa bure, umeitia chumvi mwenyewe siku ya kwanza. Sisemi zege ni baya. Msingi ni zege, choo na bafu ni zege, sina ubishi. Ninachosema, mtu asiniambie kwamba pwani mbao ni hatari halafu zege ni bima ya maisha.

Hapo ndipo nikafika kwenye paa la kaka, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye uzito wote wa jambo.

Nyumba zetu za zamani za pwani, iwe ya makuti iwe ya bati, zina upenu. Paa linatoka nje ya ukuta, linaweka kivuli, linamwaga maji mbali. Chini yake ndipo baraza lilipo, ndipo wazee wanapokaa. Kontempo imekata upenu. Ukuta umepanda juu kuliko paa, paa limelala nyuma yake karibu tambarare, na maji yote ya mvua yanakusanywa kwenye mfereji ulio juu ya kichwa chako, ndani ya nyumba. Sasa ifikirie masika ya Pangani. Mfereji ukiziba na majani ya mwembe siku moja tu, maji hayana pa kwenda ila ndani. Na kilichopo chini ya lile paa ni nini? Kenchi. Za mbao! Watu wanadhani kontempo haina mbao kwa sababu hawazioni. Zimo, zimefungiwa gizani juu ya jipsamu, hazipati upepo, hakuna anayezikagua, mpaka siku doa la kahawia linapotokea darini sebuleni. Halafu lawama wanapewa mbao.

Nikaliandika hilo kwenye grupu kwa herufi kubwa. Kaka akajibu kwa emoji ya kusinzia. Lakini mama akauliza swali la maana kama mwalimu: kwa hiyo kama paa likiwa na upenu wa mita moja, mbao za madirisha zitapona? Nikamwambia zitapona, mama, na ukuta utapona, na ndani kutakuwa na ubaridi kwa sababu jua halitapiga ukuta mchana kutwa. Akaandika "sawa". Kwenye familia yetu "sawa" ya mama si ndogo.

Sasa boriti. Hapa ndipo mimi na mama tuligongana. (Wale wa vipindi vya dini mtanikumbusha kibanzi na boriti, haya nimewahi.)

Boriti za asili za pwani ni nguzo za mikoko, hasa mkandaa na mkoko wenyewe. Ni ngumu, zimenyooka, mchwa wanazisumbua kidogo kuliko miti mingi. Nyumba za mawe za Lamu, Unguja na miji mingine ya Waswahili zilijengwa kwa kuzipanga boriti juu ya kuta, kisha mawe na chokaa juu yake, inagongwa mpaka inashikana. Mnaosoma Jiografia mtalipenda hili: urefu wa mti ndio uliopanga upana wa chumba. Dari lile ni zito, boriti ikizidi mita tatu hivi inapinda, ndiyo maana vyumba vile vimekuwa virefu na vyembamba. Na si kwetu tu. Boriti za Lamu na za delta ya Rufiji zilipakiwa kwenye majahazi kwa mamia ya miaka, zikaenda Oman, Bahrain na Kuwait, nchi zisizo na miti ya kujengea, na kule nako vyumba vikapimwa kwa urefu wa mkoko wa Afrika. Mwandishi na baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na chombo cha Wakuwait mwaka 1938 hadi 1939 na akafika Rufiji walipokwenda kukata nguzo hizo. Kitabu chake cha safari hiyo kilitoka 1940. Mimi jambo hili linanifurahisha sana, kwamba sebule ya mtu Kuwait ilipimwa na mti uliotoka kwenye tope letu.

Lakini kufurahia historia ni kitu kimoja, kwenda kukata leo ni kingine. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha nguzo za mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Kwetu mikoko ni misitu ya hifadhi, kukata bila kibali ni kosa. Na sheria ikae pembeni kwanza. Kamba na samaki wadogo wanajificha kwenye mizizi ile mpaka wakue, tope la chini yake limehifadhi kaboni nyingi, na ufukwe unaliwa kwa kasi pale mikoko inapoondolewa. Kiwanja cha mama kiko dakika kumi kutoka baharini. Akate mikoko ajengee dari, halafu bahari imfuate mlangoni? Nilimwambia hivyo hivyo, kwa adabu. Akanyamaza siku mbili, nami nikaogopa. Siku ya tatu akanitumia sauti: "Mwanangu, basi niambie nitumie mti gani, maana wewe umekuwa bwana misitu."

Swali gumu. Ikabidi nitafute jibu kweli, si porojo.

Jibu la kwanza liko karibu na kwetu kuliko nilivyodhani. Muheza, wilaya jirani, kuna shamba la miti la serikali la Longuza, na mti mkuu pale ni mtiki. Wazee waliuita msaji. Ni mti wenye mafuta yake ndani ya mbao, hauvimbi na kusinyaa sana hali ya hewa ikibadilika, ndiyo maana dunia nzima wanaujengea meli. Na ni mti uliopandwa kwa ajili ya kuvunwa, si mninga wa porini aliyekua miaka themanini halafu akaangushwa usiku. Ila kuna mtego ambao wanunuzi wengi hawauoni. Uimara wa mtiki uko kwenye kiini, ile sehemu ya kahawia iliyoiva. Sehemu nyeupe ya pembeni haina uimara huo, mchwa wanaila kama mbao nyingine yoyote. Mtiki mchanga una weupe mwingi na kiini kidogo, na muuzaji atakuambia "mtiki, mtiki" bila kudanganya neno hata moja. Kwa hiyo ukinunua, angalia rangi ya kichwa cha mbao kabla hawajaipaka oili chafu.

Ni ghali lakini. Kwa hiyo mtiki tukaupangia madirisha na milango ya nje tu, pale panapopigwa na kusi na mvua.

Jibu la pili lilimchekesha mama: mnazi. Pangani yote ni minazi, na mingi imezeeka, imeacha kuzaa. Watu wanaikata wakachomee matofali au inaozea shambani na kufuga chonga wanaoshambulia minazi mizima. Mnazi si mti kama mwembe, hauna matawi wala pete za umri, na ugumu wake umekaa kinyumenyume: nje ngumu, katikati laini kama sponji. Wataalamu wanaigawa mbao yake kwa uzito. Ile ya pembeni, yenye zaidi ya kilo 600 kwa mita ya ujazo, inafaa kubeba mzigo. Ya kati, kilo 400 mpaka 600, ifanye kazi nyepesi ndani. Ya katikati kabisa usijengee. Mafundi hawaipendi kwa sababu inachosha msumeno haraka, meno yanakuwa butu, na wana haki ya kulalamika. Lakini ukiipiga randa ina madoadoa meusi mazuri ajabu. Masharti yake: ikae ndani, isiguse udongo. Dari la baraza la mama litakuwa la mnazi, kutoka kwenye minazi ya marehemu babu iliyokwisha. Hiyo hoja ndiyo iliyomaliza ubishi wake wa boriti, sidhani kama ni maelezo yangu ya sayansi.

Mvinje nao upo, unakua haraka na kunyooka hata kwenye mchanga, na Unguja na pwani ya Kenya wanaupanda kwa ajili ya nguzo badala ya kukata mikoko. Sisi tutautumia kwenye banda la jiko la nje tu.

Kenchi zitakuwa za paini za dawa kutoka Iringa, kama za watu wote. Hapa nina neno kwa wana-chuo wenzangu mnaosimamia ujenzi wa nyumbani. Zile mbao zenye rangi ya kijani, dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Aseniki, ndiyo, sumu ile ile. Ikiwa ndani ya mbao imetulia, lakini mabaki yake msipikie! Nimeona kwa macho yangu vipande vya kenchi vikiwa jikoni chini ya sufuria ya ubwabwa wa mafundi. Moshi wake na majivu yake si vitu vya kuchezea. Na fundi akikata kipande cha mbao hiyo, pale alipokata pengine dawa haikufika, kwa hiyo papakwe tena.

Kuhusu mchwa, fundi alikuwa na haki kuogopa. Lakini mchwa wa ardhini anapanda kutoka chini, anajenga njia yake ya udongo. Ukiziweka nguzo za baraza juu ya vikuta vya zege vya kimo cha goti, ukaacha nafasi inayoonekana, basi ile njia ya udongo utaiona asubuhi ukifagia. Ukiifukia nguzo ardhini hutamwona mpaka umkaribishe chai sebuleni.

Madirisha ndiyo yaliyobaki na kelele. Mimi nataka ya mbao yenye luva, yapitishe upepo wa kusi na kaskazi hata yakiwa yamefungwa, maana kioo cha alumini ukikifunga kwa sababu ya mvua umefunga na upepo, na hapo unahitaji feni, na feni inahitaji umeme, na umeme wetu mnaujua. Kaka anasema luva zinaingiza vumbi na mbu. Mbu kweli. Kwa hilo tumekubaliana wavu utakaotoka kwa bawaba ili uoshwe.

Halafu kaka akaleta hoja ya mwisho, ya usasa. Eti nani anajenga kwa mbao karne hii? Nikamtumia habari ya jengo la Mjøstårnet la Norway, lililokamilika 2019, zaidi ya mita 85 kwenda juu, mihimili na nguzo zake kuu za mbao. Nikamwambia na Zanzibar hapo, mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa mnara wa ghorofa 28 huko Fumba wa mbao zilizochanganywa na zege. Na nikaongeza kwamba saruji peke yake inachangia karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, wakati karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani, na inakaa humo muda wote nyumba inaposimama. Kwa kweli sidhani kama kaka aliguswa na kaboni. Alichouliza ni kama mnara huo wa Norway una upenu.

Jumapili iliyopita tulipiga simu ya familia, wote watano. Mama akasoma maamuzi kama anasoma matokeo ya darasa la saba. Paa la kuficha halipo, litakuwa la bati la kawaida lenye upenu wa mita moja kila upande na baraza mbele. Msingi, choo, bafu na jiko la ndani, zege na matofali, kwa mchanga wa mtoni uliooshwa. Chumba cha kaka atakapokuja likizo kitakuwa na dirisha la alumini, kwa kuwa yeye ndiye analilipia. Mengine yote mtiki. Misumari ya nje isiyoshika kutu, hata kama fundi atanung'unika bei, na fundi kweli alinung'unika.

Mbao za madirisha zimeshafika. Zimepangwa kwenye banda la jirani, kila safu imetenganishwa na vipande vya papi ili upepo wa kaskazi upite katikati, na hazitaguswa na randa mpaka zikauke. Mama anakwenda kila jioni kuzihesabu. Kaka kaambiwa asithubutu kuzifunika na turubai.